Bakuli la Bi Maureen

Kasulu. Jumapili, 8 Septemba

Baba amenipa daftari hili kutoka rafu ya dukani. Lina maua ya waridi juu na halijapata mnunuzi tangu mwaka juzi. Amesema humu niandike Kiswahili, Kiingereza nitakiandika huko mpaka kinitoke puani. Naenda York, kaskazini mwa Uingereza, kusoma mambo ya udongo kwa muhula mmoja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya chuo chetu na chao. Kabla ya mwaka kwisha nimerudi. Mama analia kana kwamba naolewa moja kwa moja.

Kaka Shamsi, ambaye ni muuguzi Kibondo, amekuja na asali ya huko. Amesoma masharti ya forodha kwenye simu: maharage hapana, dagaa ruksa, mawese ruksa. Mama ameguna kuhusu maharage. Nchi gani hiyo inaogopa maharage.

York. Jumapili, 15 Septemba

Nimefika juzi. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, milango yote imefungwa, na watu wamo ndani. Naishi na msichana mmoja, Immakulata, anayesomea uhasibu. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, pale pale kwetu Kasulu, wazazi wake ni Wakongo, na wakaletwa Uingereza akiwa darasa la pili. Kiswahili chake ni kile cha kambini. Nilipofungua dagaa alisimama mlangoni, kisha akasema, "Asma, ile harufu iko nanikumbusha kwetu." Kisha akafungua madirisha yote.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Darasa la kwanza. Nimeelewa nusu.

Alhamisi, 19 Septemba

Jirani wa mkono wa kulia amegonga mlango. Mwanamke mzee, mrefu, nywele fupi nyeupe, koti la mvua la kijani. Hakunisalimu. Alisema, "Wewe ndiye mpya," akanipa bakuli la kauri lenye mstari wa buluu ukingoni, ndani yake pai ya tufaha bado ya moto. Anaitwa Maureen. Nikamshukuru, nikamuuliza kama kuna kitu chochote cha nguruwe. Akaniangalia kama nimemuuliza kama kuna tufaha. "Mafuta ya nguruwe, ndiyo. Bila hayo si pai."

Immakulata, ambaye ni Mkatoliki, ameila peke yake, na kila kijiko ananiambia ilivyo tamu.

Jumamosi, 21 Septemba

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa chakula, unaosha chombo, unakaa nacho mpaka upate cha kutia, hata kama ni chumvi. Kikirudi kitupu maana yake umemwambia mwenzako basi, tumemalizana. Mama aliwahi kukaa na sufuria ya jirani yetu Philomena kipindi chote cha kiangazi kwa sababu hatukuwa na cha kutia.

Nimenunua maharage mekundu dukani, nimeyapika kwa mawese, nimejaza bakuli nikapeleka. Bi Maureen alifungua mlango nusu. "Nini hiki?" Nikasema bakuli lako. "Naona ni bakuli langu. Ndani." Nilipomwambia alinusa, akasema asante, akafunga. Sina hakika huyu mama ananipenda. Mlangoni hakunikaribisha ndani hata kwa heshima ya mdomo.

Jumanne, 24 Septemba

Bakuli limerudi. Nilipofungua mlango, kabla sijasalimu, Bi Maureen alisema, "Siagi." Pai nzima kaipika upya kwa siagi. Alisimama pale pale mpaka nikaonja mbele yake. Tamu kwelikweli.

"Na yale maharage," akasema, "nimekula kwa mkate. Rangi yake imeharibu kijiko changu cha mbao. Jumamosi nakwenda mjini, ukitaka kuona ukuta wa mji uwe tayari saa nne. Sipendi kusubiri."

Jumamosi, 28 Septemba

Matembezi ya kwanza. Bi Maureen anaendesha kigari kidogo chekundu, na anaendesha vizuri kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kupanda gari lake, baba akiwemo. Nilipomsifu alisema ndiyo ilikuwa kazi yake: dereva wa mabasi ya abiria, mpaka alipostaafu. Barabara zote za mkoa huu anazijua. Tukipishana na basi anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani na dereva wa basi naye anainua. Wengine hawamjui, ila kidole wanakijua.

Tumetembea juu ya ukuta wa zamani unaozunguka mji. Halafu tukaingia mkahawani. Akaniuliza kama nataka keki, nikasema hapana asante, kwa adabu, nikingoja aniulize tena. Hakuuliza. Akaagiza yake, akaila yote akitazama mto. Nimerudi nyumbani na njaa. Immakulata amecheka mpaka akakaa chini: "Huku ukisema hapana, ni hapana. Hakuna mtu atakubembeleza."

Jumapili, 6 Oktoba

Bakuli limeenda na wali wa nazi. Limerudi na keki ya tangawizi. Mwana wa Bi Maureen, Alan, hupiga simu kila Jumapili jioni kutoka Bristol. Leo nilikuwa jikoni kwa Bi Maureen simu ilipolia, akamwambia mambo yote ni mazuri, kisha akakata. Kupitia ukuta nasikia akipiga redio.

Namwita Bi Maureen kila mara. Amenikataza, anataka Maureen tupu. Nimemwambia nikimwita hivyo mama atanisikia mpaka Kasulu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo kanipeleka kuona nyumba ya bwana mmoja tajiri aliyekufa zamani. Watu wanapanga foleni kuona kitanda cha marehemu, beseni lake la kunawia, mpaka choo chake. Hakuna anayeomba dua. Wanaangalia, wananong'ona, wanaenda kunywa chai kwenye lililokuwa zizi lake la farasi. Bi Maureen alikaa kwenye benchi la bustani akasema mume wake, Ken, alipenda sana bustani hii. Nikampa pole. Akasema, "Miaka tisa sasa," akaangalia waridi.

Tulipotoka hakukumbuka alikoegesha gari. Tulizunguka uwanja mzima, kigari chenyewe chekundu kama pilipili. Alicheka, nami nikacheka. Akasema magari ya siku hizi yanafanana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimejaza dagaa wa kukaanga. Paka wa Bi Maureen amemaliza nusu kabla yeye hajaonja. Amesema paka ananiombea niongezewe muhula.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo Waingereza wamerudisha saa nyuma, nchi nzima. Nimemweleza mama kwenye simu. Akaniuliza ni nani amewaruhusu. Jioni inaingia mchana. Kasulu wamepanda maharage na mvua imekubali.

Jumanne, 5 Novemba

Usiku wa moto. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita mtu mmoja wa hapa York alitaka kulipua bunge, akakamatwa, na mpaka leo kila mwaka wanawasha moto, wanapiga fataki, na sehemu nyingine wanachoma mdoli wake. Nimemuuliza Bi Maureen kama bado wamemkasirikia. Amesema hapana, wanapenda tu moto.

Tulisimama uwanjani na viazi vya kuchoma mikononi, tope hadi vifundoni. Watu wasiosalimiana asubuhi leo walikuwa wanapeana nafasi, wanashikiana watoto. Nimewapenda. Labda na wao wanahitaji sababu ya kutoka ndani, tofauti ni kwamba yao imepangiwa tarehe.

Njiani kwenda Bi Maureen alinihadithia jinsi Ken alivyounguza kofia yake kwa fataki. Njiani kurudi akanihadithia tena, tangu mwanzo, kwa maneno yale yale. Nikacheka pale pale pa kuchekea.

Jumamosi, 9 Novemba

Bakuli limerudi tupu.

Nililikuta asubuhi juu ya kizingiti cha mlango wetu, limeoshwa, limefutwa. Hakugonga. Jumatano nilipeleka sambusa za dengu, nimezikunja mwenyewe mpaka vidole vikaniuma, na hivi ndivyo nimerudishiwa. Nimeangalia kama kuna kitu kimeanguka pembeni. Hakuna. Leo ilikuwa Jumamosi ya matembezi na gari lake halikusogea.

Nimekaa kitandani nikipekua kila nilichosema. Nilimuuliza kuhusu pensheni? Sikumuuliza. Nilikataa kitu? Sambusa zilikuwa na pilipili, lakini mtu havunji ujirani kwa pilipili. Nimeumia, tena nimeumia vibaya. Mimi ni mwepesi wa kununa, mama anajua, lakini hili hata mtu mvumilivu lingemchoma.

Jumapili, 10 Novemba

Nimesikia redio yake ukutani. Sikwenda.

Jumatatu, 11 Novemba

Baridi. Nimenuna.

Jumatano, 13 Novemba

Immakulata alichoka na uso wangu. Nikamweleza. Akasema, "Asma, ule mama hana kasirani. Amekurudishia bakuli, basi. Huku batu banarudishaka vitu hivyo." Nikamwambia huku ndiyo, lakini Bi Maureen na mimi tulishakuwa na desturi yetu. Kwetu ukikosana na mtu huendi peke yako, unaenda na mtu wa tatu wa kukusemea. Nikamwomba awe huyo mtu. Akasema kwao pia iko hivyo, ila huku hajapata kuona, na habaendake kwa mtu bila randevu, yaani bila kupanga miadi. Mwishowe akavaa koti.

Bi Maureen alifungua, akatukuta tumesimama kama watu wa posa, bakuli nimelishika kwa mikono miwili. Immakulata akaanza kwa Kiingereza chake kizuri: rafiki yangu anahisi amekukosea, tumekuja kuomba msamaha, na kama kuna neno tafadhali liseme.

Bi Maureen alituangalia mmoja mmoja. Akasema, "Msamaha wa nini?" Nikasema wa bakuli. Umelirudisha tupu. Akasema, kwa upole ambao sijauona kwake, "Nililikuta jikoni. Nikasema ni la wale wasichana, nimeliazima nikasahau. Ni lenu, sivyo?"

Immakulata alinikanyaga mguu. Bi Maureen akalichukua, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mstari wa buluu, akafika mahali palipomeguka. Niliona uso wake ukibadilika. "Mungu wangu," akasema. "Hili la mama yangu."

Akatukaribisha ndani. Akaweka maji jikoni na kusahau kuwasha. Niliwasha mimi. Sambusa zangu zilikuwa juu ya friji, kwenye karatasi, hazijaguswa, zimeota ukungu. Akasema inamtokea siku moja moja, kama redio kupoteza stesheni, halafu inarudi. Tangu wakati wa kiangazi. Hajamwambia mtu. "Alan akijua, atachukua gari kwanza, halafu nyumba. Nyumba hii nimeingia nikiwa bibi harusi. Niahidini."

Immakulata aliangalia chini. Mimi niliahidi. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba hajanikasirikia, ningemwahidi chochote, na sasa ninapoandika naona aibu kwa furaha ile.

Jumamosi, 16 Novemba

Bakuli tuliondoka nalo Jumatano; nimelijaza wali na kunde, nimepeleka. Nilibandika kipande cha karatasi chini yake: LA MAUREEN. Alikibandua mbele yangu akasema hajafika huko.

Jumapili, 17 Novemba

Nimempigia mama. Nyuma yake nasikia mvua kwenye bati na baba akibishana na mteja.

"Mwakeye, mwana wangu," akanisalimu kwa Kiha. "Mbona sauti imekaa hivyo?"

Nikamweleza yote. Akauliza, "Huyo bibi anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Peke yake na nani?"

"Peke yake, mama. Na paka."

Akasema, "Mpigie mwanawe."

"Nimeahidi nisiseme."

"Umemwahidi mgonjwa. Kama mimi nikianza kupotea njia ya sokoni, Philomena akaniona, akakaa na siri yangu, wewe ungemshukuru?"

Nikasema huku si Kasulu, huku mambo ya mtu ni yake, na mwanawe anaweza kumwondoa kwenye nyumba. Mama akasema, "Ego, anaweza. Hayo mimi siyajui. Lakini akianguka humo ndani, wewe utakuwa unajua na umekaa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikumpigia Alan. Nimejiambia mama hajui Uingereza.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika nikiwa nimeoga maji ya moto na bado sijapata joto.

Bi Maureen aligonga saa tatu, koti limefungwa vifungo vyote, macho makali. "Hujaona bahari ya kwetu. Vaa." Nilijua sipaswi kupanda. Immakulata alikuwa kazini. Ningekataa, ningekuwa nimemwambia usoni kwamba simwamini kwenye usukani, yeye aliyebeba abiria miaka yote ile. Nikavaa.

Kwenda alikuwa yule yule wa siku zote. Kidole juu kwa kila basi. Scarborough bahari ni ya kijivu, upepo unakupiga makofi, na watu wamo ndani ya magari yao wameyaelekeza kwenye maji, wanakula samaki na chipsi vioo vimefungwa. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Mvua ilinyesha juu ya kioo, hatukuona bahari wala nini. Alinimegea samaki wake. Akasema Ken alimchumbia kwenye maegesho haya haya, na yeye akamwambia ngoja nimalize chipsi. Nilicheka kwa dhati. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeanza. Tukafika kwenye kiplefti kikubwa chenye njia nyingi. Akaingia, akazunguka. Akapita njia ya kwanza, ya pili, zote. Akazunguka tena. Nilidhani anatania. Mara ya tatu nikamwangalia: mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, midomo inatembea kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Lori likapiga honi nyuma. Akasema, "Nimepita hapa maisha yangu yote." Hakuwa ananiambia mimi.

Mimi sijui kuendesha. Nilitoa simu, nikafungua ramani, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Bi Maureen, hii ijayo, kushoto." Akaenda kushoto. Nikamwambia pale mbele kuna sheli, tupumzike. Akaingia, akazima gari. Tulikaa. Mvua. Mikono yake haikutoka kwenye usukani.

"Usimwambie Alan."

Akaniambia tena. Nikasema, "Twende taratibu, nitakusomea njia." Nilimsomea njia yote mpaka York, kila kona, kila taa, kama utingo, na yeye akafuata kila neno bila kubisha. Mabasi yalipita. Hakuinua kidole.

Mlangoni kwake alinipa bakuli kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amelijaza asubuhi biskuti za kuchukua njiani, tukazisahau sote wawili. Nikazila jikoni nikiwa nimesimama, huku nalia.

Jumapili, 24 Novemba

Asubuhi nimemrudishia bakuli, nimetia ndizi za kukaanga. Hakutaja jana. Namba ya Alan ipo kwenye mlango wa friji yake. Nimeinakili wakati anatafuta miwani.

Saa nane nimepiga. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Mwana gani anakaa Bristol na mama yake York. Aliposikia nilichosema, kwanza aliuliza kama mama yake aliumia. Nikasema hapana. Akasema kila Jumapili anamuuliza, na kila Jumapili anaambiwa mambo yote ni mazuri, na tangu kiangazi amekuwa anataka kuja akaambiwa asije, nyumba ina rangi mbichi. Hakuna rangi yoyote, nikasema. "Najua sasa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nimevunja ahadi. Mama anasema nimefanya vyema. Immakulata naye. Mimi moyo wangu hautulii.

Ijumaa, 29 Novemba

Alan amefika. Mrefu kama mama yake. Ufunguo wa gari ameuchukua. Nimesikia sauti ya Bi Maureen ukutani, si maneno, sauti tu.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimegonga. Alan amefungua, akatoka nje akavuta mlango nyuma yake. Amesema, "Samahani sana. Hataki kukuona." Nikaomba anifikishie salamu. Kutoka ndani Bi Maureen akajibu mwenyewe, "Mwambie nilimwamini."

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 5 Desemba

Mto umefurika, njia ya kando yake imezama, mabenchi ya bustani yanaonekana migongo tu. Watu wanapita na mbwa zao kwa juu kama hakuna kilichotokea. Redio ya jirani haisikiki.

Jumapili, 8 Desemba

Kuna mama anakuja asubuhi kumsaidia Bi Maureen kuoga na kula. Alan analala sebuleni, anafanya kazi kwa kompyuta. Tumekutana kwenye mapipa ya taka. Daktari amempima. Wataangalia mpaka majira ya kuchipua, kisha pengine wamhamishie Bristol kwake. Nikamuuliza kuhusu nyumba. Akasema itabidi iuzwe.

Ndicho kile kile Bi Maureen alichokiogopa, na nimekianzisha mimi. Nilimwambia Alan hivyo hivyo. Akasema kama si mimi angepigiwa na polisi. Najua. Kujua hakujanisaidia.

Bakuli bado liko kwake. Nimemuuliza Immakulata kama na yeye anaona ujirani wetu umekwisha. Amesema, "Tungoje." Yeye aliyesema huku batu banarudishaka tu vitu.

Alhamisi, 12 Desemba

Mtihani wa mwisho. Nimefunga sanduku. Nimemwachia Immakulata mawese yaliyobaki, naye amenikabidhi khanga ya mamake nimfikishie shangazi yake aliyebaki kambini.

Jumamosi, 14 Desemba. Ndani ya treni

Teksi ilikuwa imeshafika. Immakulata ameshika sanduku, dereva anaangalia saa. Mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka Alan na aproni iliyojaa unga, amebeba bakuli kwa taulo. Pai ndogo ndogo za Krismasi, za zabibu kavu, nyingine zimeungua, nyingine zimepinda.

"Amezipika yeye," akasema. "Mimi nilikuwa mikono tu. Jina lako limempotea tangu jana, anakuita yule asiyekula nguruwe. Ameniambia mara tatu siagi. Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa Jumanne na hakuikumbuka. Lakini siagi ameniambia mara tatu."

Nilitaka kumimina pai kwenye mfuko nimpe bakuli lake. Kisha nikaliona likirudi mikononi mwa Bi Maureen tupu, na mimi ndiye nimelirudisha. Sikuweza. Nilimwambia Alan, nalichukua, nitalirudisha.

Bi Maureen alikuwa dirishani, mkono ameuweka kwenye kioo. Sijui kama alinijua. Teksi ilipoondoka akainua kidole kimoja. Nami nikainua changu.

Kasulu. Jumatano, 18 Desemba

Nimefika. Matope, watu, kelele, salamu zisizokwisha. Mama amefungua sanduku kabla sijavua viatu, akakuta bakuli limefungwa ndani ya sweta.

"Umeondoka na chombo cha watu?"

Nikamweleza. Akachukua pai moja, iliyoungua, akauliza, "Ina nini?" Nikasema siagi. Akaila yote polepole. Akampelekea Philomena moja, na baba akala tatu bila kuuliza chochote. Mama akaliosha bakuli mwenyewe, akaliweka juu ya kabati, akakataza mtu kuligusa.

Ijumaa, 27 Desemba

Maharage ya kwanza yameanza kukauka shambani Kitanga. Mama anataka kuyatia bakulini. Nimemkumbusha forodha. Ameguna tena. Shamsi amesema ataleta asali mpya kutoka Kibondo.

Jumapili, 5 Januari

Alan amepiga. Nilikuwa uani na mama, tunapepeta. Watahamia Bristol mwezi wa tatu, nyumba imeshatangazwa. Bi Maureen yuko salama, anakula, hatoki. Nikauliza kama bado amenikasirikia. Akasema hasira ameisahau, pamoja na sababu yake, na hajui kama hiyo ni habari njema.

"Ila kuna kitu," akasema. "Kila asubuhi anauliza kama bakuli limerudi. Anafungua mlango wa mbele kuangalia. Sijui nimwambieje. Nikisema liko Afrika, atadhani limepotea."

Mama aliacha kupepeta. Kiingereza hakijui, lakini alinitazama mdomoni.

"Mwambie linajazwa," nikasema.

Alan akaweka simu pembeni. Nilisikia hatua zake, kisha sauti yake ya mbali, kisha ya Bi Maureen, kali kama siku ile ya kwanza, ikisema ndiyo, kwao ndivyo wanavyofanya, na huo mlango aufunge, baridi inaingia.

Mama akauliza amesemaje. Nikamwambia. Akasema, "Basi muulize huyo kijana tulipeleke wapi, York au huko kwingine," akaendelea kupepeta.